Asali Kwenye Tangi: Safari ya Kumfuata Dada Kalunde Usinge

Dada yangu Kalunde alikuwa haoni, na madaktari wa macho walikuja Tabora kwa wiki moja tu. Hiyo ndiyo sababu ya safari. Anayetaka sababu nyingine akaitafute kwake.

Dada anaishi nje kidogo ya Usinge, upande wa msituni, na mwanawe Shija, ambaye ni mfuga nyuki. Macho ya dada yalianza kuingia ukungu miaka tisa iliyopita. Mwanzo alisema ni moshi wa jikoni. Baadaye akasema ni uzee. Mwishowe akawa hasemi kitu, anapapasa ukuta tu. Daktari aliyempima alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa na mtu anaona. Nikamwandikisha. Muuguzi akaniambia kwenye simu kwamba afike Alhamisi kabla ya saa tisa alasiri ili apimwe, na Ijumaa asubuhi apasuliwe. Jumamosi madaktari wanafungasha.

"Asipofika, mzee wangu, nafasi anapewa mwingine. Na kurudi kwao sikuahidi."

Dada ana miaka sabini na minne. Mama yetu alifariki mimi sijang'oa meno ya utoto, na mgongo ulionibeba ni wa Kalunde. Kwa hiyo aliposema hapandi basi wala treni, atakuja tu kama nitamfuata mwenyewe na gari langu, sikubishana naye. Ningebishana na nani? Huyo alinifundisha kula.

Jumanne, Tabora mjini, nililala chini ya gari kutwa nzima. Gari langu ni pikapu ya dizeli, kuukuu, na hakuna fundi aliyeligusa isipokuwa mimi. Mimi shule niliacha darasa la pili. Nikawa utingo wa malori, nikawa dereva, nikawa fundi, nikanunua gari langu mwenyewe, na nimesomesha watoto sita kwa mikono hii. Sijisifu, naeleza.

Watu wengi wanaendesha gari miaka kumi na hawajui tangi la mafuta liko wapi. Ukimwuliza anakuonyesha pale pa kujazia. Huo ni mdomo, bwana! Nakuuliza tumbo. Kwenye pikapu yangu tumbo liko chini ya bodi, mkono wa kushoto, limefungwa kwa mikanda miwili ya chuma kwenye chesesi, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Limewekwa kushoto kwa sababu bomba la moshi limepita kulia, na mafuta na moto havilali chumba kimoja. Magari madogo ya siku hizi wanaliweka chini ya kiti cha nyuma, ili gari likigongwa kisogoni tangi lisipasuke. Na kama umeazima gari na hujui mdomo uko upande gani, usishuke kulizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tazama picha ya pampu kwenye geji ya mafuta, mengi yana kimshale pembeni. Kinakuelekeza upande.

Basi nikafanya ninayoyafanya kabla ya kila safari ndefu. Nikaipiga brashi mikanda ile nione kama kutu imeila. Nikapapasa mpira wa mfuniko, maana mpira ukikatika vumbi na mvua vinaingia. Halafu nikalegeza nati ya chini ya tangi, nikakinga kikombe kimoja cha dizeli kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini. Ukiona mstari chini ya chupa, una maji tangini, endelea kumwaga mpaka uishe. Chupa yangu ilikuwa safi kama jicho la mtoto mchanga. Adui wa tangi ni maji, hilo nimelihubiri miaka hamsini.

Jioni nikaenda dukani kwa Bwana Akbar kununua filta ya dizeli. Akbar anauza spea mjini Tabora tangu enzi za baba yake, na babu yake aliuza nguo na chumvi palepale. Tumezeeka pamoja tukigombana.

"Chukua mbili, Mzee Maganga," akasema. "Ile njia ya Usinge ina mambo."

"Moja inatosha. Tangi langu nalijua."

"Hata mke wako ulisema unamjua, na bado anakushangaza."

"Mke wangu hana nati ya chini, Akbar. Lete filta moja."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikachukua moja, nikaifunga usiku uleule, nikalala.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka na tangi limejaa mpaka shingoni. Barabara ile ya magharibi ni ya zamani kuliko magari yote. Wazee wetu waliikanyaga kwa miguu wakielekea Ujiji, na wakirudi walinyoosha mpaka pwani, meno ya tembo mabegani. Babu yake baba alikuwa mpagazi. Kwetu mwanaume ambaye hakuwahi kwenda pwani na mzigo alikuwa hapati mke wa maana. Mimi nimekwenda pwani mara nyingi kuliko yeye, ila nilikuwa nimekaa.

Nyumba zikaisha, mashamba ya tumbaku yakaanza, na mabani, yale mabanda ya kukaushia majani yake, yanatoa moshi mwembamba. Reli inakwenda nawe ubavuni, inapotea, inarudi, kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Lami sasa imefika mbali. Enzi zangu za utingo kipande hiki tulikimaliza kwa siku mbili na majembe mkononi.

Saa mbili, Urambo. Nikanywa chai ya maziwa na vitumbua vinne, nikazunguka gari, nikainama kunusa chini ya tangi. Huwezi kujua kama linavuja kwa kutazama tu, vumbi linaficha. Pua haifichwi. Halafu nikaligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kwenda chini. Palipo na hewa panalia, palipo na mafuta pananyamaza. Geji yangu ilikufa zamani, na sijailia.

Kupita Kaliua msitu unaanza kweli. Miombo pande zote, na ukiinua macho unaiona mizinga ya magogo imelazwa juu ya matawi. Nchi ile watu hawapimi utajiri kwa bati. Wanauliza una mizinga mingapi.

Saa saba mchana nikaingia kwa dada. Alikuwa amekaa kibarazani na kilemba cheupe, amejiandaa tayari kana kwamba tunaondoka dakika hiyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hilo gari lako linakohoa."

"Halikohoi. Limezima tu."

"Limekohoa ndipo likazima. Mimi sioni, siyo sisikii."

Tukala ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga ndani yake. Nikala mpaka nikalegeza mkanda. Shija akaja na sega la asali mbichi juu ya sinia. Shija ni mwanaume wa miaka arobaini na tano, mpole, anaongea taratibu kama mtu aliyezoea kutowashtua nyuki. Nyuma ya nyumba amepanga madumu ya manjano, mengine yamejaa asali, mengine yamemwagwa yanasubiri msimu.

Sasa hapa ndipo nilipofanya nililofanya, na nitaeleza vilevile lilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Nina sheria yangu moja: gari halilali na tangi pungufu. Tangi likiwa na nafasi tupu, usiku wa baridi hewa ya ndani inatoa jasho, na jasho ni maji. Nilikuwa nimechoma kama lita ishirini na tano njiani. Nikauliza dizeli iko wapi. Shija akasema mwenye mashine ya kusaga ana pipa lake, anauza, ila gari halifiki kwake, ni kijia cha miguu, na uende na dumu lako.

Dumu langu nilikuwa nimelisahau Tabora. Nikaenda nyuma ya nyumba nikachukua moja la Shija, tupu.

"Mjomba, hilo lilikuwa na asali," Shija akasema. "Ngoja nichemshe maji nilisuuze."

"Maji! Unataka kuniwekea maji kwenye chombo cha dizeli?"

"Litakauka, mjomba."

"Shija, mimi naosha injini nzima kwa dizeli. Grisi ya miaka ishirini inatoka. Dizeli inaosha kila kitu."

Dada kutoka kibarazani akapaza sauti: "Maganga! Sikiliza wenye asali yao!"

Nikamwambia ndiyo dada, nikaenda zangu.

Kule kwa mwenye mashine nilitandika kitambaa kwenye faneli, nikachuja dizeli yake yote ilipokuwa inaingia dumuni, maana pipa la mtu huwezi kuliamini. Likabaki kitambaani donge la uchafu na mbawa za wadudu. Nikamwonyesha. Nikamwambia aone anavyoua mashine za watu. Nikarudi na dumu begani, mzee wa miaka sitini na saba, sikupumzika hata mara moja.

Nikamimina tangini bila kitambaa, kwa kuwa nilishachuja. Na mimi sipotezi hata tone. Nikaliegemeza dumu lile kichwa chini juu ya faneli, nikaenda kutawadha, nikasali magharibi, nikarudi ndipo nikaliondoa. Lilikuwa limemwaga kila kilichokuwemo. Nikafunga mfuniko. Nikajisifu kimoyomoyo.

Alhamisi, saa kumi na mbili kamili, tukaondoka. Dada katikati, Shija dirishani, begi la nguo mapajani mwake. Dada alikuwa mchangamfu. Akawa ananiuliza tumefika wapi, nami namwambia, naye ananisahihisha.

"Tumepita daraja dogo."

"Hilo la pili. La kwanza ulilirukia ukakata kauli yangu."

Ile njia ya kutokea kwao hadi lami ni vumbi na mashimo, gari linaruka kama ndama. Ilipofika karibu saa moja na nusu, likaanza kukosa nguvu. Nikabadili gia. Likavuta, likalegea, likavuta tena kidogo, likazima. Kimya. Ndege tu.

"Sasa hilo ndilo kukohoa," dada akasema.

Nikafungua boneti, nikabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikazama na isiinuke. Nyinyi madereva mnaonisoma, shikeni hili: pampu ya mkono ikinyonywa hivyo, injini haina kosa. Kitu kimeziba huko nyuma, tangini au njiani. Nikajiambia ni uchafu wa pipa la yule mtu wa mashine. Nikamtukana kidogo. Nikaingia chini ya tangi na chupa yangu, nikafungua nati ya chini.

Hakikutoka kitu. Tangi limejaa, nati iko wazi, na hakuna hata tone! Nikachokoa kwa kijiti. Ndipo ikaanza kushuka kamba moja nene, nyeusi, inajinyonga taratibu, haina haraka na mtu. Nikaikinga kwenye kiganja. Nikainusa, nikasikia dizeli tu, kwa kuwa mikono yangu inanuka dizeli tangu ujana. Dada alikuwa ameshushwa, ameshikwa mkono na Shija, hatua nne kutoka nilipolala.

"Asali hiyo," akasema.

"Dada, hii ni takataka ya pipa."

"Maganga, nimekula asali ya msitu huu tangu sijakubeba mgongoni. Onja."

Nikaonja. Yesu na mitume wangecheka, na sisi Waislamu tungecheka nao. Ilikuwa tamu.

Shija akageuka kutazama miti. Heri angenicheka. Dizeli haikuiosha asali ile hata chembe. Ilipita juu yake tu kama maji juu ya bata, na mimi kwa ubahili wangu wa tone la mwisho nikaipa asali muda wote wa sala ya magharibi kuteremka tangini. Usiku ikalala chini. Asubuhi mashimo yakaitikisa ikaenda kukumbatia chujio la ndani, pale paipu inaponyonyea.

Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita. Linalofuata ni adhuhuri, na adhuhuri ni kuchelewa. Simu haina mtandao pale. Shija akasema atembee atafute pikipiki. Dada akasema nyonga yake mbovu haipandi pikipiki, labda wamfunge kama gunia.

Halafu akasema jambo jingine, kwa sauti ndogo, na sikuwahi kusikia dada yangu anatumia sauti ndogo: "Tukikosa leo, msinirudishe tena kwenye orodha. Nimeshazoea kutoona. Kutumaini ndiko sijazoea."

Nikainuka pale chini. Magoti yalilia, nikayanyamazisha. Nikauliza: "Shija, asali inaoshwa na nini?"

"Maji ya moto, mjomba."

Tangu niguse spana, sijawahi kutia maji kwenye tangi la dizeli. Nimefukuza vijana gereji kwa kosa hilo. Nikasimama pale kama mtu anayeambiwa amchinje ng'ombe wake wa maziwa. Kisha nikasema: "Twende tukayatafute."

Saa mbili asubuhi, nyumba ya karibu ilikuwa ya wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mwenye nyumba alikuwa machungani. Tulimkuta mkewe, Mama Kabula, mama mnene mwenye kicheko cha karibu karibu.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Mmetoka wapi na mikono hiyo?"

Nikamweleza. Alipojua sisi ni Wanyamwezi, watani wake, akaweka mwiko chini ili acheke vizuri.

"Nyinyi! Mlibeba mizigo kichwani mpaka baharini, leo mmebebwa na gari, na bado limewashinda? Na asali mmemlisha nani? Gari!"

"Sisi tulibeba mizigo, nyinyi mlikuwa mnatembea nyuma ya mkia wa ng'ombe. Tupe sufuria, mama, tunachelewa."

"Sufuria langu la harusi? Likinuka dizeli, utanioa wewe, mzee, maana mume wangu atanifukuza."

"Nina mke."

"Basi atapata msaidizi."

Huku anatukana, tayari kuni alikuwa ameshazitia. Akakalisha sufuria kubwa kabisa motoni, mbali na gari, kwa sababu hilo nililisema kwa ukali: moto ubaki kule nyumbani, maji yaje kwetu. Dizeli haina haraka ya kuwaka kama petroli, lakini sichezi nayo. Akatupa na ndoo tatu zilizokuwa za rangi, zenye vifuniko. Dada akakalishwa kwenye kigoda kivulini, akapewa maziwa ya mgando, na akaanza kusikiliza kazi.

Tukainua gari kwa jeki, nikaweka mawe chini ya chesesi, kwa sababu jeki peke yake ni muuaji. Tukachokoa mpaka asali ikaisha njiani na dizeli ikafuata, tukaikinga ndooni. Nikatenganisha mpira wa kujazia, mpira wa kupumulia, paipu ya kwenda na ya kurudi, na waya wa geji iliyokufa. Nikalegeza mikanda ile miwili, Shija amelipokea tangi kifuani, likashuka. Nilikuwa nimelijua tangi lile miaka ishirini na sikuwahi kulitoa nje. Kwa nini nilitoe? Lilikuwa safi.

Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yakatoka rangi ya chai. Mama Kabula alikuwa anakuja na sufuria kichwani, anatembea bila kushika, na kila akifika anaimba utani mpya. Maji ya tatu yakatoka meupe. Chujio tuliliweka kwenye bakuli la maji ya moto, asali ikalegea ikaachia kama utomvu.

"Sasa mjomba," Shija akasema, "maji yametoka?"

"Hayajatoka. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza."

Tangi lililooshwa si tangi kavu. Nikalipindua mdomo chini, nikalitikisa, nikaliweka juani kwenye jiwe la moto, nikaingiza kitambaa kikavu kwenye kijiti kirefu nikalifuta kila pembe niliyoifikia. Tukalipindua tena. Kisha nikamimina lita mbili za dizeli, nikalizungusha kama mama anayesuuza kibuyu cha maziwa, nikaimwaga kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Kulikuwa na mstari wa maji chini. Nikasuuza tena. Mstari mwembamba. Nikasuuza mara ya tatu.

"Tazama, Shija. Macho yangu yamechoka."

"Hakuna mstari, mjomba."

Dizeli ya ndoo tulipoirudisha, tuliiacha itulie kwanza, tukachota ya juu tu, tukaichuja kwa kitambaa, ya chini tukaiacha na asali yake. Filta ilikuwa imeonja asali kidogo. Nikaisuuza nilivyoweza, na nikamkumbuka Akbar, nikasikia haya mwenyewe, porini, bila mtu kunitazama.

Saa nne na nusu injini ikawaka. Ilipiga chafya tatu, ikatulia. Mama Kabula akapiga kigelegele kana kwamba amezaliwa mjukuu. Sufuria lake nililinusa mbele yake, nikamwapia halinuki. Akasema pua ya fundi haikubaliki mahakamani.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kujizuia. Filta ile haikuweza kupitisha mafuta ya mwendo mkubwa, kwa hiyo nikienda zaidi ya hamsini gari linalegea. Malori ya tumbaku yakanipita. Pikipiki yenye kreti za soda ikanipita. Mimi nimepitwa na kreti za soda! Kaliua, saa sita kasoro. Urambo, saa saba kasoro robo, hatukusimama hata kwa chai. Dada hakuuliza tena tumefika wapi. Alikuwa ameweka mkono juu ya goti langu, na kila mashine ilipolegea mkono ule ulibana.

Saa tisa na dakika kumi tukaingia hospitali. Kwenye chumba cha macho muuguzi alikuwa amesimama, daftari kwapani.

"Tumefunga, mzee. Samahani. Daktari anavua koti."

Dada akasogea mbele, mkono mmoja kwenye bega la Shija.

"Mwanangu, nimesikia ulivyolifunga hilo daftari. Lifungue. Nimesafiri tangu alfajiri, nimekalia kigoda cha Wasukuma, nimetukanwa."

Muuguzi akamtazama, kisha akatunusa. "Mbona mnanuka dizeli?"

"Na asali," dada akasema. "Nusa vizuri."

Yule binti akajizuia, ikamshinda, akacheka. Akaingia ndani na daftari lake. Tukasikia sauti ya daktari anauliza kitu, halafu anavuta kiti. "Mwingizeni mama."

Ijumaa asubuhi wakampasua jicho la kulia. La kushoto wakasema litangoja wakati wake. Mimi nilishinda nje kwenye benchi, na katika kushinda huko ndipo nilipoyafikiri haya ninayowaachia.

Tangi lako lijue lilipo. Lala chini ulitazame kwa macho yako, si kwa maneno ya fundi. Usiliache likauke, uchafu wote unakaa chini, na ukiendesha kwa tone la mwisho unakunywa uchafu huo. Kila mwezi fungua nati, kinga kikombe, utazame chupa. Mfuniko ukipotea usizibe kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, nunua mfuniko. Filta nunua mbili. Haya yote niliyajua, isipokuwa la mwisho.

Ila nilichojifunza kipya ni hiki. Miaka hamsini nilihubiri kwamba maji ni adui wa tangi, na ni kweli, nitaendelea kuhubiri. Lakini ukweli ule ulikuwa wa njia nilizozijua. Kila nchi ina kitu chake kinachokaa chini ya chombo. Usukumani ni maziwa, pwani ni chumvi, kule Usinge ni asali. Mtu akikuambia chombo chake kilibeba nini, msikilize, hata kama ni mpwa wako, hata kama anaongea taratibu. Mzee anayesema "najua" mapema sana huwa anawatesa waliokaa naye kiti kimoja.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wakambandua bendeji. Daktari akainua vidole, dada akavihesabu sawasawa. Akaambiwa atazame dirishani, akasema kuna mwanamke amevaa khanga nyekundu na anagombana na mtu. Ilikuwa kweli. Shija akageukia ukutani akafuta uso.

Kisha dada akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimevaa kanzu safi, nimenyoa. Akanitazama. Akaninyooshea kidole nisogee. Nikasogea. Akanishika kidevu, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, kama anavyotazamwa mbuzi mnadani.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nagombana na kijana mwenye nywele nyeusi. Kumbe wewe ni baba. Ni baba mtupu, mpaka hiki kidevu."

Baba yetu alifariki akiwa na umri huu huu wangu. Mimi sura yake nimeisahau. Yeye anayo.

Akaachia kidevu changu, akaketi vizuri, akaweka mikono mapajani.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nikafungua mdomo niitikie. Badala ya marahaba nikamwambia, "Shikamoo, dada."